Bibi amebakiwa na neno moja, nami nimepata kazi Mpanda

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Makorora hapa Tanga na bibi mzaa mama. Mama alifariki nikiwa darasa la kwanza, na tangu hapo mimi ni wa bibi. Ananiita mume wangu. Wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Mume wangu huyu mvivu, lakini ndiye niliyejaaliwa." Mtaa mzima wananiita mume wa bibi mpaka leo.

Wiki saba zilizopita, Jumapili, bibi alitoka chumbani baada ya swala ya alfajiri akitambaa na ukuta. Nilidhani usingizi. Nikampa uji, ukamtoka upande wa kulia wa mdomo, ukamwagikia kanga, na wala hakujifuta. Nikamuuliza, "Bibi una nini?" Akanijibu, "Chumvi." Nikaenda jikoni nikamletea chumvi. Akaitazama, akalia.

Majirani walisema ni upepo. Akaitwa mzee wa kumsomea, mama mdogo akaja na mafuta ya habasoda akamchua mkono na shingo, na mimi nilikaa nasubiri watu wazima waamue. Hospitali tulifika saa tisa alasiri. Presha ilikuwa 210 kwa 120. Tukaambiwa ni kiharusi, mshipa wa damu umeziba kwenye ubongo, upande wa kulia wa mwili umepooza. Alilazwa siku kumi na moja.

Sasa yuko nyumbani. Akishikwa anapiga hatua nne, tano, mpaka mlangoni. Mkono wa kulia unaning'inia. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Pindi la ukili wa zambarau alilokuwa akilisuka Jumamosi ile bado liko juu ya msumari, nami sina moyo wa kuliondoa.

Neno lake ni hilo moja tu, chumvi. Maji ni chumvi, choo ni chumvi, akikasirika ni chumvi, chumvi, chumvi. Lakini siku moja magharibi nilimsikia akifuatisha kipaza sauti cha msikiti, akaisoma Alhamdu yote mpaka amina, haikukwama hata herufi. Nikamwita mama mdogo aje asikie. Mama mdogo akasema, "Kumbe anaweza! Anatuchezea huyu." Mjomba wa Muheza naye anasema hiyo ni dalili kwamba ulimi umefungwa na jini, jini hawezi kuzuia Kurani ndiyo maana inapita. Anataka kumpeleka kwa mganga anayemjua, akae huko wiki mbili.

Shangazi, mambo mawili yananitoa usingizi. La kwanza ni kazi. Nimemaliza chuo 2021, ualimu wa hesabu, miaka yote hii nafundisha tuisheni barazani. Sasa nimepata ajira, shule ya sekondari Mpanda, naripoti mwanzoni mwa mwezi ujao. Tulikaa kikao cha familia chumbani kwa bibi, mwenyewe amelala pale pale. Mjomba wa Dar kwenye simu akasema, "Wewe ndiye uliyelelewa, wewe ndiye utakayelea." Yeye anatuma elfu hamsini kwa mwezi. Mama mdogo yuko Ngamiani, ana biashara ya vitumbua na watoto wanne. Wote wamekubaliana kwamba mwalimu wa hesabu hakosi kazi popote, nibaki.

Na kweli mimi ndiye ninayefanya kila kitu. Namlisha, namgeuza, namwosha. Kumwosha ndiko kugumu, maana anakuwa mbishi, anafumba macho na kuing'ang'ania kanga kwa ule mkono mzima asiiachie. Sijui nani mwingine ataweza.

La pili sijamwambia mtu. Ile Ijumaa kabla ya kuanguka, bibi alinipa hela nimnunulie vidonge vya presha, vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa na wanafunzi, nikasema nitapita Jumatatu. Ile hela ilikuwa mfukoni mwangu siku tunampeleka hospitali. Bado ninayo, nimeshindwa kuitumia.

Niende au nisiende?

Mume wa Bibi, Makorora, Tanga

*

Marahaba, baba. Pole sana, na mpe pole bibi yako. Mpe yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, umwambie kuna mtu amemtumia salamu. Nina sababu ya kukuambia hivyo, nitaifikia.

Umeniuliza swali moja mwishoni, lakini nikiisoma barua yako naona umebeba zaidi ya hilo. Una ajira uliyoisubiri miaka. Una familia iliyokwisha kukata shauri kwa niaba yako. Una hela ya vidonge mfukoni. Na katikati yuko mtu ambaye kila mmoja ana neno lake juu yake: mama mdogo anasema anachezea, mjomba anasema amefungwa, wewe unasema ni mbishi. Mwenyewe ana "chumvi" tu ya kujitetea.

Basi nianze na chumvi. Ubongo una pande mbili, na upande wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Kwa watu wengi ni upande huo huo unaotunga maneno. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na usemi. Mwaka 1861, huko Ufaransa, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa amekaa miaka zaidi ya ishirini hospitalini na neno lake lilikuwa moja, "tan". Ukimuuliza jina, tan. Ukimuuliza lolote lingine, tan tan. (Nusu ya Tanga, nimeshindwa kujizuia.) Lakini aliyoambiwa alikuwa akiyaelewa kwa sehemu kubwa, na akiulizwa namba anajibu kwa vidole. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Kwa hiyo bibi yako si wa kwanza, wala si kioja.

Na Alhamdu? Maneno tuliyoyarudia maisha yote, kama sala, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki na nyimbo, hayapiti njia ile ile ya maneno tunayoyatunga papo hapo. Mtu anaweza kushindwa kusema "naomba maji" na akaimba wimbo wa harusi beti zote. Bibi yako ameisoma sura hiyo mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi? Mama mdogo alisikia sawasawa, alichokosea ni kumdhania vibaya. Mwambie polepole, maana mgonjwa anayedhaniwa kuwa anajifanya huacha kujaribu.

Sasa rudi kwenye ile asubuhi. Ulimletea chumvi, akaitazama, akalia. Mtu asiyeelewa angeilamba tu, au angeiacha. Alilia kwa sababu alijua alichotaka kusema na akasikia kilichomtoka. Naomba ulitafakari hilo kabla hamjakaa kikao kingine mbele yake.

Na kule kuosha. Umeniandikia kwamba anafumba macho na kuing'ang'ania kanga, nawe umeuita ubishi. Mimi ni mwanamke wa pwani, baba, nami nausoma vingine. Utani wa bibi na mjukuu unaruhusu mengi, akuite mume, akutanie kwa mke utakayeoa, acheke mpaka machozi. Lakini kuvuliwa kanga na huyo "mume" ni jambo jingine kabisa. Pengine nakosea. Pengine ni baridi ya maji, au bega linamuuma. Lakini pengine amekwishasema, kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyesikia. Muulize. Kaa mbele yake, zima redio, swali moja fupi kwa wakati mmoja: "Unataka mama mdogo ndiye akuoshe?" Mpe muda wa kujibu, hesabu mpaka kumi moyoni. Halafu uliza kinyume chake, "Unataka niendelee mimi?" Wagonjwa wa namna hii huweza kutikisa ndiyo wakikusudia hapana, kwa hiyo usitosheke na jibu moja. Tumia na vitu: kikombe, picha ya mama mdogo kwenye simu, aguse anachokitaka. Wataalamu wa kurudisha usemi wapo wachache hapa nchini, lakini hili halisubiri mtaalamu.

Naligusa hili kwa sababu linatikisa ile hoja kwamba hakuna mwingine anayeweza. Iwapo bibi anataka mwanamke amwoshe, basi mama mdogo ana kazi ya nusu saa kila siku ambayo haiwezi kuwa yako hata ukibaki Makorora miaka kumi. Vitumbua huisha asubuhi. Au apatikane binti wa mtaani anayeaminika, na hapo ile elfu hamsini ya mjomba wa Dar izungumzwe upya. Sisemi ni watu wabaya. Nasema walikugawia kazi yote kwa sentensi moja tamu, na sentensi tamu kwenye vikao huwa ghali kwa mtu mmoja.

Mjomba wa Muheza nitamwendea kwa adabu. Sitabishana naye juu ya majini, na dua sitaikataza hata kidogo; bibi mwenyewe Kurani ndiyo iliyomrudishia sauti japo kwa dakika mbili. Aje amsomee nyumbani, tena asome taratibu ili naye afuatishe. Lakini kumhamisha wiki mbili kunanipa hofu kwa mambo ya kawaida kabisa. Vidonge vyake vya presha vitamezwa huko? Akipewa kombe, yale maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, au dawa ya kunywa huku koo lake halijakaa sawa, kinywaji kinaweza kupita njia ya hewa, na nimonia ni moja ya mambo yanayowaua wagonjwa wa kiharusi baada ya kiharusi chenyewe. Hata nyumbani akila akalishwe wima, tonge dogo, uji uwe mzito kidogo, akikohoa msimame na mrudi hospitali koo likaangaliwe. Na asichuliwe wala kuvutwa kwa nguvu ule mkono ulioning'inia, bega lililopooza huchomoka kirahisi. Ukimwinua, mshike kiunoni. Mjomba ukimweleza hayo kama mjukuu mwenye wasiwasi, si kama msomi wa chuo, huenda akasikia. Huenda asisikie. Ndipo utahitaji mama mdogo awe upande wako, na hutampata ukiwa umemwaibisha kwa lile neno la "anatuchezea".

Nimefika kwenye hela ya vidonge.

Ningeweza kukuandikia kwamba huna kosa lolote, ukalala vizuri usiku mmoja, kesho ukaamka nayo tena mfukoni. Nitakuambia ninachokijua. Presha ya juu ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kuacha dawa kunaongeza hatari. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba presha huichakaza mishipa kwa miaka, kimya kimya. Hakuna daktari atakayeweza kukuambia kwamba zile siku mbili ndizo zilizoangusha. Vidonge vilikwisha lini hasa? Alikuwa akimeza kila siku, au siku anazosikia kichwa tu, kama wazee wetu wengi? Hujui, nami sijui. Ulichelewa kununua dawa kama watu wanavyochelewa, ukiwa kazini, ukitafuta riziki ya nyumba hiyo hiyo.

Na zile saa za asubuhi hazikuwa zako peke yako. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, mtu huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, dua asomewe njiani. Nawaandikia na wasomaji wengine hapa. Lakini usijipige na hilo nalo kupita kiasi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuhakikisha kwamba si damu iliyovuja, na hospitali zetu nyingi bado hazina huduma hiyo. Mngefika saa mbili asubuhi, sijui kama yangekuwa tofauti.

Hela hiyo nisingekuambia uitupe wala uitunze kama hirizi. Duka la dawa bado linafunguliwa, na vidonge anavihitaji mpaka leo, vya presha na vingine alivyoandikiwa, kwa maisha yake yote. Kama utamweleza bibi habari hiyo au la, ni lako. Najua tu kwamba sasa unamhudumia ukiwa mdaiwa, na mdaiwa huwa hajui anabaki kwa mapenzi au kwa deni.

Ndiyo maana swali lako la niende au nisiende sitalijibu kwa neno moja. Tulitazame tu.

Ukibaki, bibi anakuwa na mtu anayemjua kila mkunjo wa uso. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo na ulimi hurudi kwa kasi kuliko baadaye. Hadi mwezi wa sita bado kuna mwendo mzuri, na hata baada ya hapo mlango haufungwi. Zile hatua nne, tano zinaweza kuwa ishirini ukiwepo kila siku. Lakini ajira hiyo huenda isikusubiri, na vidonge, nauli za kliniki na fiziotherapia havilipwi na tuisheni ya barazani. Kuna na jambo lisilosemwa kwa sauti: kijana anayebaki kwa kulazimishwa anaweza kuanza kumchukia mgonjwa, halafu akajichukia kwa kumchukia. Nimewaona.

Ukienda, unakuwa na mshahara. Mpanda ni upande mwingine wa nchi, si mahali pa kusema nitakuja Ijumaa. Akipata kiharusi cha pili, na hatari hiyo ipo hasa mwaka wa kwanza, huenda ukakuta mambo yamekwisha. Na yeye atakuona umeondoka. Takriban theluthi ya waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, tena asiye na maneno hawezi kulalamika, utamwona tu hali chakula na amegeukia ukutani. Ukienda bila kumpa mtu kazi kwa jina na kwa saa, nani anampa dawa, nani anamgeuza kila baada ya saa mbili akiwa kitandani, nani anampeleka kliniki, utakuwa umemwachia "familia", na familia ni neno lisilo na mikono.

Kumchukua uende naye umelifikiria? Wengine wamefanya. Lakini wewe utakuwa darasani mchana kutwa, naye ni mtu wa Makorora, na kipaza sauti cha msikiti kile anakijua.

Halafu kuna katikati, ambako watu huwa hawapatazami wakiwa na hofu. Unaweza kuandika barua ya kuomba kusogezewa tarehe ya kuripoti, ukaambatanisha maelezo ya daktari. Wanaweza kukataa, na usiache siku ya kuripoti ipite ukingali unasubiri majibu. Unaweza kuripoti kwanza, halafu baadaye ukaomba uhamisho, jambo ambalo huchukua muda na halina uhakika. Unaweza kuwaambia wajomba: nipeni miezi mitatu ya zamu zenye majina, ndipo tukae tena. Kila njia hapo ina mtu atakayenung'unika, na wakati mwingine atakuwa wewe.

Lakini kabla ya hayo yote kuna mtu hajaulizwa. Mlikaa kikao kitandani kwake mkagawana maisha yake na yako, naye anasikia. Mwambie habari za Mpanda. Mwambie ni kazi ya serikali, ni mbali, unaogopa. Usimuulize akuamulie, huo ni mzigo mkubwa kwa asiye na ulimi, ila aijue habari kutoka kwako. Huenda akalia, na baada ya kiharusi kilio huja hata bila huzuni, kama kicheko kinavyoweza kuja pasipo mzaha, kwa hiyo usikimbie. Kaa. Tazama ule mkono wa kushoto unafanya nini.

Na lile pindi la ukili, lishushe msumarini umpe mkononi. Kusuka kunataka mikono miwili. Ana mmoja, wewe shika upande wa pili. Utasuka vibaya, najua wanaume. Atakuambia chumvi, na utaelewa.

Barua ya daktari iombe Jumatatu mapema, ukaiombe mwenyewe, maana ikifika Ijumaa utakuta aliyemtibu yuko zamu ya usiku na wewe umebakiwa na siku chache.

Shangazi